Mkono wa Mkwe

Mwaka ule Guelord Muteba alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu ili aitwe daktari, na mtihani wenyewe ulikuwa umefungiwa mlango. Haukufungwa na ujinga wake, maana kichwa alikuwa nacho na walimu wake walilijua hilo. Ulifungwa na ada. Asiyelipa kabla juma halijaisha, jina lake halingesomwa, na miaka yote ile ya kukesha na mifupa na dawa ingebaki kuwa hadithi ya kuwasimulia majirani.

Wazee wa Kolwezi wanasema zamani serikali ilimlipia mwanafunzi chakula na kitanda, hata tiketi ya treni ya kurudi kwao Kasai wakati wa likizo. Sasa serikali imebaki na kibao cha getini na kalamu ya kuteua wakuu wa chuo. Mengine yote ni ya mzazi: ada ya masomo, ada ya kuingia mtihani, ada ya maabara, posho ya maprofesa ambao mishahara yao inapotelea njiani, mpaka mafuta ya jenereta ya chumba cha maiti. Mbele ya kibao hichohicho malori yanapita mchana kutwa na shaba na kobalti ya nchi, na vumbi lake ndilo kitu pekee kinachoingia darasani bure. Mwaka ule ada ya wanaomaliza ikapandishwa tena. Sababu haikutolewa, na ni nani angethubutu kuiuliza.

Baba yake Guelord alikuwa mstaafu asiyepata pensheni, kwa hiyo aliyekuwa akilipa ni Kabasele. Kabasele alikuwa Mluba wa Kasai kama wao, ambaye babu yake aliletwa kuchimba shaba ya wengine. Yeye mwenyewe aliapa hatashika sururu, akafungua duka la matairi ya malori kule Fungurume, na biashara ikamnyookea. Guelord alipokwenda na wazee wake kumposa Darlène, binti yake mkubwa, Kabasele hakuuliza mahari ya mbuzi wala ya pesa. Alisema, "Dot yangu itakuwa diploma. Mi nitalipa masomo ya mukwe wangu. Siku atakuwa munganga, ataoa." Wazee wakapiga makofi, wakanywa, wakaenda. Tangu siku hiyo Guelord alisoma kama mkwe, akala kama mkwe, na akaishi na adabu zote za mkwe.

Na adabu hizo si mchezo. Mkwe wa Kiluba hampi mama mkwe wake mkono. Hamtazami machoni, hali chakula mbele yake, na akimwona sokoni anakata kona haraka kana kwamba anadaiwa. Guelord alimjua Mama Kabedi, mama yake Darlène, kwa sauti yake nyuma ya pazia na kwa kandambili zake za kijani pale mlangoni. Kosa dogo linalipwa kwa mbuzi. Lakini mkwe akiuona uchi wa mama mkwe, hakuna mbuzi wa kutosha, ndoa imekufa papo hapo. Utasema hawa ni Wakristo, watu wa kwaya na fungu la kumi. Ni kweli, lakini kwa jambo hili hata mchungaji wao anakata kona.

Basi ilikuwa wiki ya mgomo. Madaktari wa hospitali ya serikali walikuwa wamekaa nyumbani kwa sababu marupurupu yao hayakufika, wakunga nao wakawafuata. Walioachwa wodini ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wale wanaolipa ili wafanye kazi, pamoja na wauguzi wachache wenye huruma au wasio na pa kwenda. Mchana ule, wodi ya akina mama ilikuwa mikononi mwa Guelord na Mama Fidélie, muuguzi wa wodi ya watoto aliyeazimwa tu. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata ikabidi watu waongee kwa kupaza sauti.

Teksi iliingia hadi barazani. Darlène alishuka wa kwanza, amelowa chapachapa, mtoto mchanga kifuani ndani ya taulo. Nyuma yake dereva na mlinzi wakamtoa mwanamke aliyefunikwa kitenge kizito cha maua mekundu. Guelord alichukua hatua mbili kwenda kusaidia ndipo akaona kandambili za kijani. Miguu yake ikajisimamia yenyewe, na macho yakakimbilia ukutani kama yalivyozoea miaka yote hiyo.

"Mama alizalia ku maternité ya mutaani," Darlène alisema huku akihema. "Mutoto eko muzuri. Lakini ile ya nyuma haikutoka. Bale bamama balivuta kamba, kamba ikakatika. Damu haisimame. Munganga eko wapi?"

Guelord aliendelea kutazama ukuta. Darlène akamtazama, akatazama korido tupu nyuma yake, akaelewa. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi.

Mama Kabedi alikuwa na umri ambao mwanamke huwa ameshagawa nguo zote za watoto. Mimba hii ilikuja ikamkuta anangoja wajukuu, na aliificha kwa aibu mpaka tumbo likajitangaza lenyewe. Sasa alilazwa kitanda cha kwanza karibu na mlango, na kabla shuka halijatandikwa vizuri lilikuwa limeshageuka rangi. Mama Fidélie alimfungia dripu ya serumu, akamchoma sindano ya kukaza tumbo la uzazi, akaja mbio kwa Guelord ambaye bado alikuwa amesimama koridoni akitazama ukuta.

"Haisaidie," alimwambia. "Kondo ingali ndani. Lazima mutu aingize mukono aitoe."

"Ingiza weye, mama."

"Mi nafanyaka na batoto, Guelord. Sijafanya ile hata siku moja. Nikipasua tumbo ya mutu, utanisaidia kusema nini?"

"Ule ni mama mukwe yangu."

Mama Fidélie naye alikuwa Mluba, hakuhitaji kuelezwa.

Simu ya Darlène ikalia. Alikuwa Kabasele, akipiga kutoka dukani Fungurume. Darlène alisikiliza kidogo, akasema, "Hapana, tata, bote beko mu grève. Ni Guelord peke yake," kisha akampa Guelord simu bila kumtazama.

"Guelord, unisikilize muzuri," sauti ya Kabasele ilisema. Ilikuwa inatetemeka, na Guelord hakuwahi kuisikia ikitetemeka. "Usiingie mule. Batafute mutu mwingine. Bamupeleke ku clinique, nitalipa yote."

"Tata, clinique iko ngambo ingine ya muji, na ambulance haina mafuta. Mu hii mvua hatafika."

"Mi nakuya sasa hivi."

"Utafika mangaribi, tata. Mama hatafika mangaribi."

Upande wa pili zilisikika honi za malori. Halafu Kabasele akasema polepole, "Ukiingia, unajua bitu yote itaisha. Si mi njo nataka. Unajua."

"Najua, tata," alisema Guelord. Simu ikakatika, au Kabasele aliikata, hilo halikujulikana.

Tusimdanganye mtu hapa. Guelord hakuwa shujaa. Alisimama pale na jambo la kwanza alilowaza lilikuwa mtihani wake. Aliliona jina lake likirukwa kwenye orodha, akajiona akirudi kwa baba yake na koti jeupe ndani ya mfuko wa plastiki. Halafu akamwaza Darlène. Halafu, na hili lilimwuma baadaye kuliko yote, akawaza kwamba akichelewa kidogo tu kwa kumtafuta mtu, mama yule atakufa mwenyewe, na hakuna atakayemlaumu kwa kuheshimu mila. Angebaki mkwe. Angelipiwa. Wazo hilo lilikaa kichwani mwake muda wa kutosha kulijua, na akaogopa kwamba lilikuwa limekuja na sauti yake mwenyewe.

Darlène alikuwa ameketi kwenye benchi, mtoto amelala. Alisema, "Ukiingia, mi na weye ni basi."

"Najua."

Mle ndani Mama Kabedi aliguna, mguno mfupi usio na nguvu. Darlène akafumba macho. "Ingia," alisema.

Aliingia. Glavu ndefu hazikuwepo, wala hazijawahi kuwepo tangu aanze kusoma pale. Akafanya kama wanafunzi wote wanavyofanya: akavaa glavu ya kawaida, akakata vidole vya ya pili na kuipandisha juu yake mpaka karibu na kiwiko.

Mama Kabedi alisikia hatua za mwanaume. Aligeuza kichwa, na kwa macho yaliyokuwa yanafifia akamtambua. Hakupiga kelele. Hakumfukuza. Alivuta ncha ya kitenge chake polepole, kwa vidole vilivyokuwa baridi, akajifunika uso wote. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

"Mama Fidélie, ongea naye," Guelord alisema. "Sioni uso wake. Akiacha kukujibu, uniambie mbio."

Basi ikawa hivyo. Yeye akawa anafanya kazi chini ya shuka na Mama Fidélie ameinama kwenye kitenge, akimwuliza mama yule mambo ya kawaida: majina ya watoto wake, mchele unauzwaje sasa, nani anaimba sauti ya pili kwenye kwaya yao. Majibu yalitoka nyuma ya kitambaa, moja moja. Mkono wa kushoto wa Guelord ulikandamiza tumbo kutoka nje, wa kulia ukafuata kipande cha kitovu kilichobaki kuelekea ndani. Damu ilikuwa ya moto. Alikuwa amelifanya jambo hili mara moja tu, profesa akiwa amesimama begani pake akimwelekeza, na profesa yule sasa alikuwa nyumbani anagoma, na haki alikuwa nayo.

"Darlène," kitenge kilisema. "Nkulu. Merdi." Kisha kimya.

"Mama Kabedi," Fidélie aliita. "Nani anafuata nyuma ya Merdi? Mama Kabedi."

Guelord alikuwa ameshaupata ukingo wa kondo. Lilikuwa limeng'ang'ania upande wa juu. Ukivuta kwa nguvu unapasua, ukiwa mwoga unaacha kipande na kipande kinaua. Alipitisha ubavu wa kiganja kati ya kondo na ukuta wa tumbo, kidogo kidogo, kama mtu anavyobandua ugali uliogandia chini ya sufuria bila kutaka kuvunja pande lake. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Guelord, hajibu," alisema Mama Fidélie.

"Fungulia serumu yote. Inua miguu yake. Umuite tu, mama, umuite."

Fidélie akamwita. Akamwita kwa jina, akamwita kwa Kiluba, akamwita kama unavyomwita mtu aliyesahau chungu jikoni. Darlène alikuwa amesimama mlangoni na mtoto akaanza kulia, kilio chembamba cha hasira. Ndipo kondo likaachia lote, likaja mkononi mwa Guelord zito na zima, na tumbo la uzazi likajikaza juu ya ngumi yake kwa nguvu hata akalia kwa sauti kwa furaha. Damu ikapungua. Ikawa michirizi. Akalipindua kondo kwenye beseni, akalichunguza lote kipande kwa kipande, halikukosa kitu.

"Huyu muchanga," kitenge kilisema kwa sauti ya mbali. "Nyuma ya Merdi ni huyu muchanga. Hatujamupa jina."

Walipokuwa wananawa mikono, Mama Fidélie alisogea karibu. Alisema bila kumtazama, "Tata Kabasele akifika, ni mi njo niliingiza mukono. We ulikuwa ku mulango, unanionesha tu. Darlène hatasema. Umesikia? Bitu ya bure hii, kupoteza masomo juu ya damu."

Guelord aliendelea kunawa. Maji yalikuwa yameshakuwa safi zamani.

Kabasele alifika mapema kuliko walivyodhani, matope mpaka magotini. Gari lilikuwa limekwama kabla ya mji na alikuja kipande cha mwisho nyuma ya pikipiki. Alisimama barazani, akaangalia mlango wa wodi bila kuthubutu kuukaribia. "Eko muzima?"

"Eko muzima, tata," Darlène alisema.

Alifunika uso kwa mikono na mabega yakamtikisika. Alipoufunua alikuwa amekuwa Kabasele tena. "Nani alimutoa ile kitu?"

"Ni mi," alisema Mama Fidélie, haraka kidogo kuliko ilivyofaa.

Kabasele hakumtazama hata. Alimtazama Guelord. "Ni kweli?"

Guelord alifungua mdomo, na mpaka leo hajui alitaka kusema lipi. Hakupewa nafasi. Sauti ilitoka wodini, dhaifu lakini kavu, sauti ya mwanamke anayeamrisha nyumba yake. "Fidélie, aksanti, lakini usibebe ya mwenzako. Ni Guelord. Mukuye bote hapa."

Waliingia. Mama Kabedi alikuwa bado amejifunika uso. Kabasele alisimama upande wa kichwa, Darlène dirishani na mtoto, Guelord karibu na mlango, macho ukutani. Kabasele alimshika mkewe bega, kisha akaongea na ukuta ule ule aliokuwa anautazama Guelord.

"Umeponyesha bibi yangu. Sitasahau, Mungu eko shahidi. Lakini ndoa haiko tena, hiyo we mwenyewe unajua. Na masomo, nilikuwa nalipia mukwe wangu. Sasa hauko mukwe. Nikilipa leo, bandugu bangu ba kwetu Mbuji-Mayi batasema niko nalipa juu ya kile uliona. Batanitemea mate. Sina njia, mutoto wa watu. Ningekuwa na njia."

Guelord aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshajisomea maneno hayo mwenyewe tangu alipokata glavu, lakini kuyasikia ni kitu kingine. Aliegemea fremu ya mlango.

"Kabasele," alisema Mama Kabedi. "Ile fasi mukono ya huyu kijana ilipita, ni nani banapitaka pale?"

Si swali ambalo mwanaume hujibu mbele ya watu.

"Nakuuliza. Ni batoto bangu tu. Darlène alipita pale, Nkulu, Merdi, na huyu. Hakuna mugeni anapitaka pale. Huyu alipita. Basi si mukwe, na si mugeni. Ni mutoto wangu." Akapumua kwanza, kwa sababu nguvu zilikuwa chache. "Na mutoto akimuona mama yake mu magonjwa, ile haina haya. Haina hata mbuzi. Bandugu bako ba Mbuji-Mayi bakuye baniulize mi. Sasa uniambie: we baba yake, utamufukuza ku masomo?"

Mvua ilikuwa imekwisha. Kabasele alilipima neno hilo pande zote, kama anavyopima tairi kabla ya kulinunua, na polepole uso wake ukalegea. Lilikuwa halina tundu. "Mutoto ni wa kulipia," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mutoto, nani atasema kitu."

Ndipo Mama Kabedi akakishusha kitenge. Guelord akaona uso wake kwa mara ya kwanza: mashavu ya mviringo, midomo iliyopauka, macho yaliyomtazama moja kwa moja na kungoja. Yalikuwa macho ya Darlène.

"Lakini mutoto habebwe kwa nguvu," alisema. "Unakubali kuwa mutoto wangu?"

Ilimchukua Guelord pumzi moja kuelewa alichokuwa anaulizwa, na alipoelewa akageuka kuelekea dirishani. Darlène alikuwa ameelewa kabla yake: mtoto wa mama yake ni kaka yake. Alikuwa amesimama wima, mtoto begani, anamtazama tu. Hakutikisa kichwa. Hakuomba kitu. Kama angesema hapana, angebaki mtu aliyeona asichopaswa kuona, hana ndoa, hana mtihani, ila angekuwa na haki ya kumpenda kwa siri, labda kumtorosha, labda kungoja ndugu wa Mbuji-Mayi wazeeke na wasahau. Watu wamefanya hivyo. Wengine wakafaulu. Guelord alimpenda msichana yule, hilo lijulikane, na kifua kilikuwa kinamuuma kabisa, pale mfupa unapokutana na mbavu. Lakini mkono wake wa kulia bado ulikuwa unalikumbuka tumbo lile likijikaza, na alitaka kulihisi tena, kwa mama mwingine na mwingine, maisha yake yote.

"Ndiyo, mama," alisema.

Mama Kabedi akafumba macho. Kabasele akaja, akampa mkono, kisha akamvuta kifuani na kumkumbatia mpaka matope yake yakachafua koti jeupe. Mama Fidélie alikuwa analia waziwazi, anasema Mungu ni mkubwa. Darlène alimlaza mtoto kando ya mama yake, akamrekebishia taulo kwa makini, akatoka nje na baba yake akamfuata. Guelord alibaki anapima mapigo ya mgonjwa. Alihesabu, akapotea, akaanza upya.

Baada ya muda Darlène alirudi. Alikuwa amefuta uso na kufunga kilemba chake upya. Alisimama mbele yake, si mbali wala si karibu, akaongea kwa sauti anayotumia kwa Nkulu na Merdi, akimwita kama anavyoitwa kaka mkubwa.

"Yaya Guelord," alisema, "tata anauliza, mwisho ya kulipa ni siku gani?"

"Ni vendredi," Guelord akajibu, yaani Ijumaa ya juma lile.

Naye akaenda kumwambia baba yao.